Kisanduku Kilichotolewa Mahari

Baba wa mchumba wangu alikuwa mkaguzi wa shule hadi alipostaafu, lakini kustaafu kwenyewe hakukumwingia. Hata kuku wa wageni alimkagua kabla hajachinjwa. Nilipofika kwake Bumula kujitambulisha, aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia ninaendesha tovuti ya kufundishia kompyuta mjini Kitale. Angesema "vizuri" tu, yangeisha. Alivaa miwani na kuomba simu yangu.

"Kijana," alisema, "mbona hii sanduku iko nyeusi, hii iko ya kijivu, na hii ingine haina hata ukuta?"

Alimaanisha visanduku vinavyobeba mistari ya programu ili mwanafunzi ainakili. Tovuti yetu huandikwa kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache: vialama vitatu vilivyoinama hufungua kisanduku, vitatu vingine hukifunga. Mimi nilikuwa nimekipamba kila kimoja kadiri nilivyoamka siku hiyo. Nikajitetea kwamba programu zenyewe zinafanya kazi vilevile.

"Ati zinafanya kazi! Mtu hawezi panga sanduku, atapanga boma? Rekebisha. Wazee wako wasikuje na mahari kabla sijaona."

Nilicheka. Mchumba wangu hakucheka, na hapo ndipo hofu iliponiingia, kwa sababu nilimpenda kupita kiasi na babake hajawahi kufuta ripoti yake.

Nikarudi Kitale kupanga tovuti nzima: rangi moja, herufi za upana mmoja, jina la lugha ya programu juu ya kila kisanduku. Shangazi zangu, ambao hawajaandika programu hata ya salamu, walijipanga nyuma ya kiti changu. Nyeusi wakaikataa kwamba ni ya matanga. Kijani, wakasema, itatuletea siasa kwa wakwe. Tukapitisha kijivu, na shangazi mkubwa akafunga kikao kwa maombi.

Siku ya mahari, mbele ya wazee wetu wote, mkaguzi alivaa miwani tena na kufungua somo la mwisho. Nikaona kosa papo hapo: kisanduku cha kwanza sikukifunga. Kilikuwa kimemeza ukurasa mzima. Maelezo, mazoezi, hata maneno ya kwaheri, vyote vilikuwa kijivu, na picha zimegeuka anwani ndefu zisizoeleweka.

Mzee alisogeza kidole polepole mpaka chini.

"Sasa hii ndio kupanga," akasema. "Zile zingine bado ziko vipande vipande. Hii kila kitu iko ndani ya sanduku moja."

Akachukua firigisi ya kuku, ambayo kwao ni heshima na haipewi mtu ovyo, akamwekea mjomba wangu kwenye sahani. Mazungumzo yakaanza.

Kila Jumapili baada ya kanisa, baba mkwe huufungua ukurasa ule kuhakikisha sijauharibu. Wanafunzi huniandikia kwamba somo la mwisho halisomeki, na wana haki. Mimi mwenyewe linanikera kuliko jino bovu. Mke wangu hunikumbusha ni vialama vitatu tu. Nawajibu wote kwamba ukurasa ule haurekebishwi, umeshatolewa mahari.