Mboga Niliyomuuzia Anti kwa Bei ya Nyumbani

Kuna asubuhi moja ya Jumatano ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na nimeona nikusimulie kabla wewe na binamu yako hamjakodi lile shamba la Riruta. Nasikia mmeshapatana: wewe utalima, yeye atauza, na kwa kuwa ni damu moja, utampunguzia bei. Mama yako aliponiambia alikuwa na furaha tele. Mimi nikasema ni vizuri, halafu usingizi ukanipotea siku mbili. Ndivyo nilivyo, mtu wa wasiwasi, na nyinyi mnanicheka. Nichekeni, lakini wasiwasi huu nina sababu yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane na watoto wawili wadogo. Nilikodi kipande cha shamba hapa Kawangware, huko chini karibu na mto, ambapo siku hizi pamejaa nyumba za ghorofa. Nilipanda sukuma wiki. Shamba lilikuwa na pande mbili, upande wa juu uliopakana na njia, na upande wa chini uliopakana na maji. Mteja wangu mkubwa alikuwa mwenye hoteli moja ya hapa hapa, aliyelipa bei kamili bila maneno mengi. Mteja wangu wa pili alikuwa Anti Ndunge.

Anti Ndunge alikuwa dada ya baba yangu. Ndiye aliyenitoa Machakos nilipomaliza darasa la nane, akanipa pa kulala kwake Gatwekera, huko Kibera, chumba kimoja cha udongo na mabati, mpaka nikaolewa. Aliuza mboga mlangoni pake, na alizikata nyembamba hivi kwamba watu walivuka vichochoro viwili kumfuata. Kila Jumatano na Jumamosi alikuja kwa miguu kutoka Kibera mpaka shambani kwangu, akajaza gunia, akalibeba mgongoni na kamba kichwani kama wanawake wa kwetu wanavyobeba, akarudi kwa miguu. Siku ya kwanza aliniuliza bei. Nilipomwambia akacheka.

"Mwikali, hiyo ni ya watu. Mimi niambie ya nyumbani."

Nikampunguzia. Ningefanyaje? Nilimpunguzia karibu nusu, na sikumwambia kwamba punguzo hilo ni kubwa kwangu, wala sikumwambia itakuwa hivyo mpaka lini. Nilitabasamu tu. Mwanangu, kosa langu lilianzia kwenye lile tabasamu, ingawa lilichukua miezi kukomaa.

Mwezi wa kwanza nilitoa kwa moyo mweupe. Mwezi wa pili nikaanza kununa. Mbolea ilikuwa imepanda, mwenye shamba naye akapandisha kodi, na kila nikimwona anti ameinamia gunia lake najihisi kama ninaibiwa. Ni aibu kusema, lakini ndivyo nilivyojihisi. Kumwambia "anti, bei hii siiwezi tena" sikuthubutu. Mtu amekulisha miaka sita, utaanzia wapi? Basi nikatafuta njia yangu ya kichinichini. Nikaanza kumchagulia majani madogo. Baadaye yale yenye matobo. Baadaye hata yale ya manjano, nikiyaficha katikati ya fungu. Mazuri yalikuwa ya hoteli. Sikuwahi kujiambia kwamba ninamdanganya, nilijiambia kwamba kila mtu anapata mboga ya bei yake. Na kwa kuwa anti hakusema neno, nikadhani haoni.

Wiki hiyo ninayoisema, vidukari waliingia upande wa chini. Nikanunua dawa. Aliyeniuzia alinionya kwamba nikishapuliza nikae wiki nzima bila kuvuna, akarudia mara mbili, nami nikaitikia. Nilipuliza upande huo Jumatatu. Jumanne mvua ikanyesha. Jumatano asubuhi anti akafika mapema na gunia lake, na kumbe mwenye hoteli naye ana sherehe, ameagiza mafungu mengi kuliko kawaida. Upande wa juu haungewatosha wote wawili.

Nilisimama pale na kisu mkononi. Nilijua, mwanangu. Mtu asije akakuambia kwamba Mwikali hakujua. Nilijiambia mvua imeosha, nikateremka upande wa chini, nikamjazia anti gunia. Majani yalikuwa mapana, yanang'aa, hayana tobo hata moja. Anti akayapapasa kwa furaha.

"Wee! Leo umenikumbuka," akasema. Akaliombea shamba langu baraka, akalipandisha gunia mgongoni, akaenda.

Baadaye, jua likiwa limeshapanda, jirani yangu wa shamba alikuja kuchota maji. Alikuwa mzee mmoja Mjaluo tuliyemwita Baba Akinyi. Akaona mashina ya upande wa chini yamebaki uchi.

"Mama, hapa si ulipiga dawa juzi?"

"Nilipiga. Lakini jana imenyesha, imeosha."

"Hiyo haioshwi na mvua. Hiyo inaingia ndani ya jani, ndio maana mdudu akinyonya anakufa." Akatazama kikapu changu, nilimoweka mboga ya chakula chetu cha mchana. "Na hizi umetoa wapi?"

"Huko juu."

"Eh," akasema. Akachota maji yake, akaenda.

Hakunigombeza, na ningependa sana angenigombeza. Nilibaki nikikitazama kile kikapu. Watoto wangu nilikuwa nimewavunia upande wa juu bila hata kufikiria, mkono wenyewe ulikwenda huko. Nikampigia anti simu, nikaambiwa mteja hapatikani. Nikapiga tena, mteja. Nikakumbuka kwamba huwa anaiacha simu kwa jirani ikichajiwa, na huifuata jioni akishafunga biashara.

Nikatoka hivyo hivyo na gambuti miguuni. Nilikimbia mpaka pumzi ikaisha, nikatembea, nikakimbia tena. Nikavuka barabara ya Ngong, nikapitia Makina kwanza, maana siku nyingine anti aliketi pale karibu na msikiti akauza mafungu machache kabla ya kwenda kwake. Hakuwepo. Mama mmoja aliyeuza maandazi pale akaniambia amepita zamani, gunia limejaa, hakuuza kitu. Nikamshukuru Mungu kwamba limejaa, na papo hapo nikawaza, limejaa limeenda kwa nani? Anti alikuwa na wateja wenye watoto wa kunyonya. Alikuwa na mama mjamzito mlango wa pili. Kila mwanamke niliyepishana naye na mfuko mkononi nilitaka kuuchungulia. Mmoja nilimsimamisha kweli, nikamwuliza amenunua wapi sukuma. Alikuwa na kabeji. Akaushika mfuko wake vizuri akaniepuka, na simlaumu.

Hapo njiani bado nilikuwa natunga uongo. Ndiyo, hata na hofu ile yote. Nitamwambia kuna mtu anazitaka zote kwa bei nzuri, nizirudishe, nikazitupe mtoni, yaishe bila mtu kujua.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, beseni mapajani, anakata. Akina mama watatu walikuwa wamesimama wakingoja.

"Anti, wacha kukata. Nimepata mtu anazitaka zote, analipa vizuri."

"Na hawa je? Mwambie huyo mtu angoje Jumamosi."

"Anti, tafadhali."

"Mwikali, kwani uko na nini? Mbona umekuja na gambuti?"

Mmoja wa wale wateja, msichana mwenye mtoto mgongoni, akasonga mbele na shilingi ishirini mkononi. "Mathe, nikatie ya mbao niende, mtoi ana njaa." Anti akachota kutoka kwenye beseni kwa mikono miwili, akafungua karatasi.

Uongo ukaniishia. Nililishika lile beseni nikalivuta kwangu. "Ziko na dawa," nikasema. "Nilipuliza juzi. Hazifai kuliwa, na nilijua."

Anti aliweka kisu chini.

"Za hoteli ulivuna wapi?"

"Juu."

"Na za watoto wako?"

Alinitazama usoni na jibu akalipata. Ndipo akageuka kwenye Kikamba, kwa sauti ya chini, ili wale wengine wasielewe, nami nakupa maneno yake kwa Kiswahili. "Mimi nilikuomba bei, Mwikali. Ungesema hapana, ningenung'unika njia nzima mpaka Kibera, na Jumamosi ningekuja nilipe kama watu. Yale majani ya manjano katikati ya fungu nilikuwa nayaona. Nilikuwa nayatoa nayatupa. Nilisema, huyu mtoto bei imemshinda, anaona haya kuniambia, nitangoja aseme mwenyewe. Sikujua umefika hapa."

Kisha akasimama, akawaambia wateja wake kwa Kiswahili kwamba mboga ya leo ni mbaya, imewekwa dawa, na kosa ni lake yeye. Lake yeye! Nikafungua mdomo kumsahihisha akaninyamazisha kwa mkono.

Alikuwa ameshawauzia watu watatu. Wawili walikuwa majirani. Yule mjamzito alikuwa bado hajapika. Mwingine sufuria ilikuwa tayari jikoni, harufu ya kitunguu imejaa mlangoni, na anti akaimwaga mwenyewe, akampa maharagwe yake mwenyewe badala yake. Wa tatu alikuwa mwanamume mwenye overoli ya buluu, kibarua wa ujenzi labda, aliyesimama kidogo tu, akanunua kipimo kidogo, akaenda. Hakuna aliyemjua. Tulizunguka vichochoro vya Gatwekera, anti mbele mimi nyuma, tukiuliza mlango kwa mlango mpaka jua likaanza kushuka. Wengine walitaka kujua kwa nini, na kila mara anti aliwaambia ukweli, isipokuwa jina langu.

Hatukumpata. Wiki nzima nilikuwa nakwenda Gatwekera kila siku kuuliza kama kuna aliyeugua. Chakula kilinishinda. Nilikuwa nikisikia mtoto analia kwenye chumba chochote, nasimama kusikiliza. Hakuna aliyesema ameugua, na yule mwanamume hakurudi kununua. Anti alisema pengine amehama, watu wa pale huhama kila mwisho wa mwezi. Pengine. Pengine alikula akalala, akaamka akaenda kazini bila hata kuumwa na kichwa. Nimejiambia hivyo mara nyingi sana, na bado sijui, na sitajua. Hilo ndilo nililopata kwa kumwogopa anti yangu, mwanangu. Nilishindwa kumwambia neno moja dogo, nikapata swali la maisha yangu yote.

Anti aliendelea kuja shambani. Lakini tangu siku hiyo alilipa bei ya hoteli, tena alilipa kabla hajagusa jani. Nilimbembeleza apunguze. Nilimwambia nataka kumpunguzia, safari hii kwa moyo. Alikuwa akitikisa kichwa tu, bila hasira, akiniuliza habari za watoto. Aliendelea hivyo mpaka nguvu za kutembea zikamwisha, na mimi kila Jumatano na Jumamosi nikipokea zile pesa naona haya.

Sasa sikuambii usimpunguzie binamu yako. Mpunguzie ukipenda. Ndugu wasiposaidiana mjini hapa, nani atawasaidia? Ninachokuambia ni kwamba hiyo bei ya nyumbani iseme kwa mdomo kabla hamjapanda mbegu. Mwambie unampunguzia kiasi gani, na mpaka lini, na mkikaribia huo mwisho mketi tena mzungumze. Ukiona umeanza kununa, usisubiri mwezi wa pili. Mfuate siku hiyo hiyo umwambie bei imekushinda. Ukinyamaza, utajilipa kwa njia nyingine, na hutajiona ukijilipa. Utaanza na jani lenye tobo. Na mkishapatana bei, iwe kubwa au ndogo, mazao yawe yale yale unayowapikia wa nyumbani kwako. Ukishindwa kumpa hayo kwa bei hiyo, usimuuzie kabisa.

Na wewe pia, siku utakapokuwa unaomba kupunguziwa, mwangalie mtu usoni. Akitabasamu haraka sana, mwulize tena. Anti aliniona, akaamua kungoja niseme mwenyewe, na nadhani hilo nalo lilimuuma mpaka mwisho.

Haya, nendeni mkalime. Mungu awape mvua ya kiasi na wateja wenye subira. Akupe wewe mdomo wa kusema hapana mapema, ungali unaweza kuisema kwa upole. Na binamu yako siku atakapoisikia hiyo hapana, nakuombea akasirike mbele yako, anune, aseme yote aliyo nayo moyoni, halafu Jumamosi arudi.