Nilivyowaomba Watu wa Lubarika Maisha Yao

Mnicheke tu, Lubarika yote imeshanicheka. Juzi agronomu, yule Mbelgiji wa kilimo, aliita wakulima wapange naye zamu za maji ya mfereji. Minye mwenyewe, karani wake, nilisimama kutafsiri, kifua mbele.

Akasema kwa Kifaransa anataka “votre avis”. Nikatangaza: “Bwana anataka maisha yenu!”

Mzee mmoja akauliza, “Ya wote, ao ya wanaume tu?”

Nikamjibu kwa ukali, “Ya wote! Ndipo mpunga utapata maji.”

Wakaanza kukimbia. Agronomu alibaki ameduwaa.

Ndipo Mama Venansia, mpishi wa masista, akapaza sauti: “Mrudi! Anaomba avis, mawazo yetu. Karani amesikia vie, maisha. Weye karani, kaa chini, nitatafsiri minye.”