Swali la Harufu

Mwaka ule Korona ilipoingia Nairobi, nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea katika kliniki ndogo pale Kianda, Kibera. Kabla ya hapo kazi yangu ilikuwa kuwapima watoto uzani. Ghafla nikapewa barakoa, glavu na kipimajoto kinachofanana na bastola, nikaambiwa nikae langoni. Hakuna mgonjwa aliyeruhusiwa kuingia kabla sijamlenga kwenye paji la uso na kumuuliza maswali.

Watu walikiogopa kile kipimajoto. Wazee walifumba macho. Wengine walininyooshea mkono badala ya uso, kwa sababu uvumi ulikuwa umeenea kwamba kinafuta kumbukumbu. Mimi nami niliwaogopa wao. Nilikuwa naishi Kawangware, karibu na kituo cha matatu cha 56, pamoja na mama yangu ambaye kifua chake hakijawahi kuwa kizuri, na kila mtu alipokohoa mbele yangu nilimfikiria mama.

Asubuhi moja alikuja mama muuza samaki. Upande ule wote ulimjua, maana karai lake la kukaangia lilikuwa njiani, na mdomo wake ulikuwa mwepesi. Alikuwa amekuja kuchukua dawa za presha. Nikampima joto, likawa sawa. Nikamuuliza kama anakohoa. Hapana. Mwili unauma?

"Nani hapa Kibera mwili haumuumi?" akasema, na foleni ikacheka.

"Unasikia harufu vizuri?"

"Sista, mimi nauza samaki. Harufu nitaikosea wapi?"

Foleni ikacheka tena, naye akacheka. Halafu kicheko kikamkauka. Akavuta leso iliyokuwa begani, ile anayojifunga akikaanga, akashusha barakoa kidogo na kuinusa. Akainusa tena.

"Jana mafuta yaliungua," akasema polepole. "Jirani ndiye aliniambia. Na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo."

Waliokuwa nyuma yake wakarudi nyuma wakikanyagana. "Na juzi tumekula samaki wake!" mmoja akapiga kelele. Mwingine akatoa simu apige picha. Mama akajitanda leso kichwani, akageuka aondoke.

Tulikuwa tumeambiwa tusitoke nyuma ya meza. Nikatoka. Nikasimama kati yake na ile simu.

"Mama, ngoja. Ukitoka hapa unaenda wapi?"

"Nyumbani, kabla hamjaita ile gari yenu ya karantini. Niko na watoto wawili. Mkinibeba, nani atabaki nao? Na mwenye plot ninayopanga akisikia, nitapata kufuli mlangoni."

Mwenye plot nilimfahamu. Alikuwa mama mzee, Mnubi, ambaye mababu zake walikuwa Kibera kabla yetu sote, na alikuwa akija kwetu kupimwa sukari. "Nikimpigia simu ukisikia, utakubali?" nikamuuliza. Akaitikia kwa kichwa. Nikamketisha kwenye benchi la kando, chini ya turubai, nikapiga na kuweka spika. Sikuwa na hakika na jibu.

Nikamweleza yote. Kisha mzee akauliza, "Amekula?"

"Sijui, Mama."

"Si umuulize!"

Hakuwa amekula.

"Basi mpimeni, halafu arudi nyumbani. Ile nyumba ya mwisho iko wazi tangu mpangaji aende kwao ushago. Alale huko peke yake. Watoto wakae kwao, nitawapikia." Akapumua. "Na aache kulia, nasikia analia. Mimi mwenyewe niko na sukari. Kama ningekuwa nafukuza wagonjwa, si ningeanza na mimi?"

Ni kweli alikuwa analia. Nilitamani kumshika mkono. Nikabaki nimeshika chupa ya sanitaiza.

Majibu yalipotoka, alikuwa na virusi. Kwa kuwa hakupungukiwa na pumzi, daktari alikubali auguzwe nyumbani, na mimi nikapewa kazi ya kumtembelea, nikimwuliza hali nikiwa nje ya mlango. Mwanzoni wapangaji walikuwa wakizunguka upande mwingine wakienda chooni. Kisha siku moja nikakuta mtungi wa maji mlangoni pake, na hakuna aliyesema umeletwa na nani. Baadaye kukawa na sahani ya sukuma wiki. Wanawake wa plot wakaanza kukaa uani jioni, mbali kidogo, wakimpigia kelele za umbea wa siku ili asipitwe. Watoto wake walipimwa wakakutwa wazima. Nami nikawa namsimulia mama yangu kila nikirudi Kawangware, na yeye ananiuliza kabla sijavua viatu, "Mgonjwa wetu yuko aje?"

Asubuhi moja nilimkuta muuza samaki amesimama mlangoni, ameshika kitunguu kilichokatwa, machozi yanamtiririka.

"Sista, kinanuka! Kinanuka vibaya!"

"Hata huku tunakisikia," mwenye plot akajibu kutoka chumbani kwake. "Kitupe!"

Aliporuhusiwa kurudi kazini, siku ya kwanza hakuna aliyekaribia karai lake. Watu walipita wakimsalimia kwa mbali. Karibu saa sita mwenye plot akaja na kigoda chake, akakiweka katikati ya njia, akaagiza samaki mkubwa. Akamla taratibu mbele ya macho ya watu, mpaka kichwa, akalamba vidole. Alipoinuka, tayari wateja wawili walikuwa wamesimama nyuma yake.

Ugonjwa haukuisha hapo, na wengine tuliwazika. Lakini pale langoni mambo yalibadilika. Watu waliacha kunificha dalili zao. Nakumbuka fundi mmoja wa viatu aliyesimama mbali na foleni, akainua mkono kabla sijamwita.

"Sasa, dada! Mimi nimeamka na homa, na kifua kinabana. Nikae wapi nisiwape hawa wengine?"

Nikamwonyesha mahali penye kivuli, nikaenda kumwita daktari.