Mstari wa Oili Chafu

Mbao ya kwanza kupinda niliikata Mraru, kwenye gogo la mkaratusi wa mwalimu mmoja mstaafu, mchana, jua likiwa utosini. Nilipozima mashine na kuinua ile mbao, mwisho huu ilikuwa inchi mbili, mwisho ule inchi moja na kidogo, na katikati imejikunja kama mtu anayepita chini ya seng'enge. Niliitazama weee. Nimepasua mbao kwa msumeno wa moto, au pawasoo kama tunavyouita huku, tangu wanangu hawajazaliwa. Sijawahi kutumia reli wala fremu. Mimi ni wa uzi na macho.

Kazi yenyewe ni hivi. Uzi unachovywa kwenye oili chafu iliyotolewa kwenye gari. Watu wawili wanaukaza juu ya gogo, mmoja anauvuta juu na kuuachilia, na mstari mweusi unabaki umelala pale. Mimi naufuata kwa cheni kutoka mwisho hadi mwisho. Msaidizi anapachika kabari nyuma yangu ili gogo lisiubane msumeno, na mbele yangu anafagia unga wa mbao kwa kishada cha matawi, mstari usifunikwe.

Msaidizi wangu wa miaka yote alikuwa rafiki yangu, mtu tuliyeanza naye kazi tukiwa hatuna hata mashine yetu. Siku tatu kabla ya ile mbao ya Mraru nilikuwa nimemfukuza. Sababu ilikuwa fagio lake. Zamani alikuwa akifagia na kusogea kando, lakini mwaka huo alianza tabia ya kuyaacha matawi papo hapo mbele ya cheni, akiyaburuta polepole, kila nikiinua macho nayaona hayo hayo. Tulikuwa Rukanga, na mwenye mti amesimama anatutazama. Nikazima mashine nikamwambia:

"Wewe ni msaidizi ama ni pazia? Unanizibia mstari!"

"Kwani unauona, fundi?"

"Nauona kuliko wewe!"

Akatabasamu. Kweli kabisa, mtu anafukuzwa kazi mbele za watu na anatabasamu. Akaweka matawi chini, akanawa mikono, akashika njia kwenda kutafuta gari la Voi. Lile tabasamu lilinikera kuliko tusi. Nikamchukua shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, baba wa watoto watatu, mtu mpole anayeniogopa bure. Yeye anafagia na kuruka kando, anafagia na kuruka kando. Nikasema, sasa huyu ndiye msaidizi.

Halafu mbao zikaanza kulewa.

Kwanza nililaumu uzi, nikanunua mwingine. Nikalaumu oili kwamba ni nyepesi. Nikalaumu meno ya cheni, maana tupa ikiyala upande mmoja zaidi, msumeno huvuta upande, hilo kila fundi analijua. Nikanunua cheni mpya, na mbao zikapinda kwa cheni mpya. Mwalimu nilimwambia kwamba mkaratusi ni mti wenye hasira, ukiangushwa unajipinda wenyewe, akakubali kwa kuwa yeye ni mtu wa vitabu. Lakini tulipohamia Mwatate kupasua mgrevilea, mti mtulivu usio na neno na mtu, nao ukanifanyia yale yale.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba haikuwa kila wakati. Asubuhi, au siku ya mawingu, nilikata vizuri kiasi cha kujisifu. Jua likipanda, basi. Niliwahi kukaa juu ya gogo na chai yangu nikijiuliza kama mti uliokwisha kufa unaweza kujua saa. Nilijiuliza kwa dhati, mimi mtu mzima. Kichwa kilikuwa kimenivurugika hivyo.

Maneno nayo yakatembea. Mbao zile za Mwatate zilikuwa za paa la kanisa, na mimi ni mzee wa kanisa. Mwenyekiti wa ujenzi alizipanga mbao za mbili kwa nne moja juu ya nyingine, akaona mwanga katikati, akaniuliza kwa upole kama nyumbani ni salama. Jioni hiyo mke wangu alinisogelea karibu sana, nikadhani ni mapenzi, kumbe ananusa mdomo. Nilipofoka akasema, "Umelaumu uzi, cheni, mti, jua, mpaka ndugu yangu. Nyani haoni kundule." Sikusema naye neno tena usiku huo.

Nilikuwa naogopa, na afadhali niseme hivyo. Mtu asiyeweza kunyoosha mbao hana kazi ya upasuaji, na mimi sina kazi nyingine niijuayo. Shambani kwangu mahindi hukauka kabla hayajafika kiunoni. Nikiondolewa mashine mkononi, sijui watu wangeniitaje badala ya fundi.

Ni shemeji aliyelisema, kwa sauti ya chini, kama anayeomba chumvi. "Yule mtu wako hakukuachia kitu?"

Nilimkemea kwa jina la Yesu. Lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa kukemewa. Nikakumbuka lile tabasamu. Nikakumbuka kwamba mambo yalianza mara tu alipoondoka. Wiki ya tatu, Alhamisi, nilimwacha shemeji kwenye gogo akinoa cheni, nikauweka ule uzi wa zamani mfukoni kama ushahidi, nikaenda Voi.

Nilimkuta kwenye karakana ya seremala anakopiga randa. Aliponiona aliacha randa, akanikumbatia, akaagiza chai. Furaha yake ilinikasirisha upya. Nikautupa uzi mbele yake.

"Umenifanyia nini?"

Hakuelewa. Nikamweleza yote, uzi, cheni, mkaratusi, kanisa, mke wangu, kwa sauti ambayo maseremala wote walisikia. Nilivyozidi kueleza, ndivyo uso wake ulivyozidi kuanguka. Akauchovya uzi kwenye kikopo cha oili, akapiga mstari juu ya mbao, akaitoa mbao juani, akaniita.

"Weka kidole kwenye mstari, fundi."

Nikaweka. Kazi gani hiyo, kuonyesha mstari? Akakishika kidole changu taratibu, akakisogeza upana wa vidole viwili, akakiacha hapo.

"Na huu wa kwanza je?" nikamuuliza.

"Upi?"

"Si iko miwili!"

Mstari ulikuwa mmoja. Niliinama mpaka pua ikakaribia mbao, nikafumba jicho hili nikafumba lile, na jua liliporudi usoni ikawa miwili tena, na sikujua upi ni wa kweli. Nikakaa chini kwenye maranda.

"Ni mtoto wa jicho," akasema. "Mama yangu alikuwa na ugonjwa huo. Mwaka mzima ulikuwa hufuati mstari, fundi. Ulikuwa unafuata fagio langu."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Nikasema labda unaona haya, na mtu ana haki ya kuona haya. Nikawa nakuonyesha njia kwa matawi."

"Basi siku ile Rukanga mbona uliondoka?"

"Uliniambia unauona mstari. Na wiki ile ulikuwa umeenda hospitali hapa Voi. Nikajua wameshakutibu. Nilifurahi, wallahi. Nilifika nyumbani nikawaambia, fundi sasa anaona."

"Nilienda kung'oa jino," nikasema.

Hakucheka, wala mimi sikucheka. Nilitaka kumwomba msamaha lakini nikaishia kuukunja ule uzi. Yeye akawa anahesabu kitu kichwani, nikaona macho yake yakibadilika.

"Wiki tatu hizi," akasema, "aliyesimama mbele ya cheni ni nani?"

Nikamwona shemeji akifagia na kuruka kando. Vile vidole vyake vikiwa juu ya gogo, na mimi na meno yale nikichagua kati ya mistari miwili. Baba wa watoto watatu. Nikatoa simu, nikashindwa kuona namba, rafiki yangu akanitafutia.

Shemeji aliitika kwa heshima zake zote. Nikamwambia azime mashine.

"Lakini haijawashwa, shemeji. Bado nanoa."

"Zima tu," nikamwambia. "Zima, uende nyumbani."