Mchi wa Asadi

Asadi wa Chuno ana haya. Hata salamu huitoa akitazama chini. Mkewe, Subira, aliambiwa kliniki apunguze maandazi, akasononeka. Subira alipokwenda Kitaya kumwona mama yake, Asadi alijifungia ndani, akatwanga korosho na tende ili amwandalie vitonge vitamu visivyohitaji jiko.

Majirani wakasikia mchi. Kwetu mwanamume hatwangi, basi wakampigia Subira simu. "Shoga, mumeo kakuletea mke mwenza!"

Subira alirudi siku hiyohiyo. "Yuko wapi huyo mwanamke?"

Asadi, tende hadi kwenye ndevu, akamnyooshea sahani.

Subira alionja, akaonja tena, kisha akawatokea majirani barazani. "Jamani, kweli nina mwenzangu! Tena simwachi aondoke, anatwanga kunishinda."

Siku hizi Asadi hutwanga uani, akitazama kinuni.