Migomba Mitatu Nyuma ya Jiko

Nakumbuka asubuhi niliyoshika panga, mwanangu, nikiwa mke wa mwaka wa kwanza hapa Kamachumu. Juzi uliponiambia unataka kukata migomba nyuma ya jiko ili nyanya zako zipate jua, asubuhi hiyo ilinirudia.

Nilikuwa nimeinua matuta mawili ndani ya kibanja, shamba letu la migomba linalozunguka nyumba, nikayazungushia mawe, nikapanda nyanya. Zilirefuka tu, nyembamba, bila ua hata moja. Nikakilaumu kivuli. Mama mkwe alipokwenda kanisani, nikakata migomba mitatu. Mmoja ulikuwa na mkungu mchanga, nami niliuona kabla ya kukata. Hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Aliporudi nikasema ni upepo ulioiangusha. Akainama, akapitisha kidole mahali palipokatwa.

"Siku hizi upepo nao unashika panga?" akauliza. "Mkwe wangu, umeua chakula cha nyumba hii ili upate kachumbari."

Mume wangu alianza kucheka, akaona uso wa mama yake, akaacha. Mimi nilikwishajiona niko njiani kurudishwa kwetu Maruku. Wenzangu walirudishwa kwa makosa madogo kuliko lile.

Hakunirudisha. Kesho yake alinipa vijiti, akanikalisha kando ya matuta kutwa nzima. Jua likigusa udongo nichomeke kijiti, likihama nichomeke kingine. Jioni niliona mwenyewe: tuta la kwanza lilipata jua zuri la asubuhi, la pili lilipata vipande vipande tu. La kwanza tukapanda sukuma wiki. La pili tukapanda spinachi, kwa nafasi pana, na maji kidogo, maana kivulini udongo haukauki upesi na konokono hupenda unyevu. Nyanya tukazihamishia mbele ya nyumba, penye jua. Mboga tulikula. Ndizi za mkungu ule hatukuzila, na kila chakula kilipopungua nilijua sababu.

Sasa mume wangu amelala katika kibanja kile kile, hatua chache kutoka kwenye matuta. Baada ya mazishi niliyaacha yakaota magugu, kwa kuwa kila nikiyatazama nilimwona na ndoo yake ya maji. Kisha asubuhi moja nikachukua vijiti. Migomba ilikuwa imeongezeka, kivuli kimehama, nikapima upya. Nilipanda huku nalia, lakini nilipanda.

Basi, mwanangu, pima kabla hujakata. Mboga za majani huvumilia kivuli; zenye matunda zitafutie jua kwingine. Ukikosea, sema umekosea, usiusingizie upepo. Na siku utakayofiwa, lia, kisha urudi kwenye tuta lako.

Vijiti viko nyuma ya mlango wa jiko. Kesho jua likichomoza tutakaa pamoja. Panga niachie mimi.

Mungu aibariki mikono yako, na kila atakayekula mboga zako ashibe.