Rangi Zinazokosa

Juma lililopita nilikuwa Sake, mashariki mwa Kongo, kwenye kibanda cha mama anayeuza maziwa yanayotoka milima ya Masisi. Binti yake, aliyemaliza fizikia chuoni, alikuwa amepata nafasi ya kuendelea na masomo ng'ambo, lakini mama alikuwa hajamruhusu.

"Unaenda kusoma nini huko?" mama aliuliza, akipangusa bidoni la maziwa ambalo lilikuwa limeshakauka.

"Gesi yenye inazunguka galaksi, mama. Yale makundi makubwa ya nyota."

"Muntu anaiona?"

"Hapana. Lakini nyuma yake, mbali sana, kuko kwaza, kitu chenye kinawaka kupita nyota zote. Mwangaza yake ikipita mu ile gesi, rangi zingine zinabakia mule. Tunaangalia rangi zenye zinakosa, njo tunajua gesi iko pale."

Mama akaacha kupangusa. Akatazama barabara inayopanda Masisi.

"Mie pia, siku ya Mungu, naangalia benchi kanisani. Pale papa yako alikuwa anakaa, sijaachia muntu."

Binti akainamisha kichwa. Nikajua sasa atasema habari ya safari iishe. Mama akamwahi, akamshika mkono.

"Enda, mwanangu. Na pako kwa benchi nitapachunga. Lakini wewe, urudie."

Binti akalia, mama akanimiminia maziwa ambayo sikuwa nimeyaomba. Nikayanywa, nikiwaza ni benchi ngapi kwetu zinachungwa hivyo. Mchungaji wa kanisa lao, nadhani, aanze kutafuta benchi nyingine.